Asiachwe Peke Yake

Nimezaliwa Mombasa katika nyumba ya watu kumi na saba, na mpaka naingia shule ya uuguzi sikuwa nimewahi kulala chumbani peke yangu. Tulilala wasichana wanne, wawili kitandani na wawili mkekani, tukigombania shuka. Nikilalamika, bibi yangu aliniambia iko siku nitautafuta ugomvi huo nisiupate. Sikumwamini, nikaona ni maneno ya wazee tu.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa muuguzi mpya mwenye kofia iliyotiwa wanga ikasimama, nilipangiwa hospitali ndogo upande wa Voi. Nilipewa chumba kimoja kwenye nyumba za wafanyakazi: kitanda cha chuma, jiko la mafuta ya taa, na dirisha linaloangalia vumbi jekundu na mkonge. Wenzangu wengi walikuwa na waume na watoto, au walikuwa wenyeji wa milimani ambao siku ya mapumziko ikifika walipanda kwao. Mimi nilibaki na upepo. Upepo wa Voi hauna adabu. Unaingia hata pale ulipoziba kwa gazeti, na ukiondoka umekuachia mchanga kwenye mto wa kulalia.

Lakini kupika ndiko kulikonishinda zaidi. Nilijua kupika wali wa watu kumi na saba. Wali wa mtu mmoja siujui hadi leo. Nikipika nilikula kiporo siku mbili, na siku ya tatu nikakimwaga huku nikijitukana. Nilikuwa mpweke, tena mpweke mwenye hasira. Wodini wagonjwa walikuwa wakiambizana, "Leo zamu ya yule sista wa pwani, lala kimya," na mimi nilijifanya sisikii.

Basi siku moja akaletwa mama mmoja kutoka Wusi, kule milimani, kwenye lori la mboga, amelazwa juu ya magunia. Alikuwa mjane wa makamo ya kwenda uzeeni, mwembamba, mwenye mikono mikubwa ya jembe. Alikuwa akimkatia ng'ombe wake majani kwenye ukingo wa shamba, na huko kwao shamba limekaa juu ya shamba jingine kama ngazi. Udongo ukamtoroka chini ya mguu, akaangukia shamba la jirani yake hapo chini. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Daktari aliuvuta mguu kwa kamba iliyopitishwa juu ya kitanda, na kwenye ncha ya kamba tukaning'iniza mifuko ya mchanga. Akaambiwa atalala hivyo chali kwa muda wa miezi mitatu.

"Na ng'ombe?" akauliza.

Hakuuliza kitu kingine.

Watu hudhani mfupa ukishaunga mgonjwa amepona. Mfupa ni wa daktari, na daktari alipita mara moja kwa siku. Kilichobaki chote kilikuwa chetu wauguzi: mgongo usioze kwa kulala, kifundo kisikakamae, nyama za paja zisiyeyuke, na moyo usikate tamaa. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa Mombasa, na Mombasa ilikuwa mbali, kwa hiyo mtaalamu nikawa mimi. Asubuhi na jioni nilimsugua mgongo kwa spiriti na poda. Nilimfungia kamba juu ya kichwa ajivute nayo, mikono isidhoofike. Kisha nilimshika wayo. "Kunja. Nyosha. Kunja tena. Nani kakwambia upumzike?"

"Sista, mguu umelala. Mbona unauamsha?"

"Ukilala sana utasahau kazi yake."

Alicheka, na kucheka kulimuuma, akacheka tena. Yeye peke yake wodini hakuniogopa. Nikiingia zamu ya asubuhi alinisalimu kwa lugha yao, "Kwawuka mana?" Alitaka kujua nimeamkaje, na alinyamaza akisubiri jibu. Hapo ndipo nilipojua kwamba tangu nifike Voi hakuna aliyeniuliza nimeamkaje akasubiri jibu. Nikaanza kumjibu kwa kweli. Nilimweleza habari za upepo, za kiporo, za barua za nyumbani ambazo kila mtu aliandika mistari miwili kisha akampa mwingine kalamu. Alisikiliza huku akikunja na kunyosha wayo, na sijui nani alikuwa akimtibu nani.

Ramadhani ilipoingia nilifuturu peke yangu kwa mara ya kwanza maishani. Siku ya tatu, jua likizama nikiwa zamu, aliniita kitandani pake akachomoa ndizi mbivu chini ya mto. Alikuwa Mkristo, tena wa kwenda kanisani kila Jumapili, lakini alikuwa ameuliza wagonjwa Waislamu saa ya kufungua. Kila jioni niliyokuwa zamu akawa ameniwekea ndizi. Nililia chooni siku ile ya kwanza, nikanawa uso, nikarudi kugawa dawa.

Kamba ilipofunguliwa, tulianza upya kama mtoto. Kukaa. Kuning'iniza miguu. Kusimama kati ya vitanda viwili, huku akitetemeka. Kisha magongo mawili, kisha moja. Tulitembea kwenye baraza ya saruji mpaka kwenye mfereji wa maji karibu na kwa dobi, na kurudi. Mimi nilikaa ubavuni, mkono wangu mgongoni pake. Nilimwambia asiogope, nipo.

Mwenzangu mmoja, mama wa makamo aliyefanya kazi kwa miaka mingi kuliko mimi, alinivuta pembeni. "Yule mgonjwa wako siku usipokuwepo hatembei. Anasema anamngoja sista wake."

Ningekuwa na akili ningeshtuka. Mimi nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaanza kwenda wodini hata siku zangu za mapumziko, eti kumtembeza. Nilitaka mtu wa kunihitaji, nikampata, na nilimshika vizuri asinitoroke. Haya nayaandika leo, lakini wakati ule nilijiita muuguzi mwenye huruma.

Siku ya kuruhusiwa kwake walikuja kumchukua mkaza mwanawe na jirani wawili wa kike. Daktari alisema neno moja tu, atembee kila siku, akaondoka. Mimi niliwakusanya kando ya gari. Nilikuwa nimevaa sare yangu nyeupe, kofia juu, na kidole nimekiinua. Atembee, ndiyo, nililisema hilo mara moja. Kisha nikasema lililokuwa moyoni mwangu.

"Asiachwe peke yake. Mmenisikia? Hata kidogo. Usiku na mchana awe na mtu. Mgonjwa akiachwa peke yake ndio mwisho wake."

Nililirudia mara tatu. Waliitikia kwa pamoja, kwa adabu, na mkaza mwana alilirudia kwa lugha yao ili jirani walishike vizuri. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Ile haikuwa dawa ya yule mama. Ilikuwa dawa yangu mimi, na nilimwandikia yeye.

Gari likaondoka. Nilirudi chumbani nikapika wali mwingi.

Miezi miwili baadaye ilifika siku yake ya kliniki. Nilivaa sare mpya, nikasimama barazani tangu asubuhi. Alikuja mkaza mwana peke yake, na kikapu cha ndizi na chungu cha kimanga kilichofungwa kwa kitambaa, kile chakula chao cha maharagwe na mihogo kilichopondwa pamoja.

"Mama yuko wapi?"

"Mama ako salama, sista. Amesema nikusalimie sana." Uso wake ulikuwa uking'aa kwa fahari. "Na lile neno lako tumelishika. Hajaachwa hata siku moja. Tumepanga zamu, nyumba kwa nyumba. Leo huyu analala hapo, kesho yule. Akitaka kukaa nje tunambeba. Chooni tunambeba. Hata kanisani wamembeba na kiti."

"Na kutembea?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu. "Atembee aje na watu tuko?"

Nilikaa chini kwenye benchi la wagonjwa. Nilijua kinachofuata, maana nilikwisha kukiona wodini kwa wazee wengine: goti linakakamaa, paja linakauka, kifua kinajaa makohozi kwa kulala, na siku moja mtu anakufa, na ndugu wanasema ni uzee. Mfupa ulikuwa umeunga vizuri kabisa. Yule mama alikuwa akifa kwa neno langu, tena alikuwa akifa katikati ya watu wanaompenda.

Nilikuwa na siku mbili za mapumziko kuanzia kesho yake. Nilipanda lori mpaka Mwatate, nikapata gari jingine la kupanda mlima, na kipande cha mwisho nikakipanda kwa miguu, mimi mtoto wa mji tambarare, na viatu vya wodini. Njia ilikuwa imesimama wima. Kila hatua niliyopanda ilinisuta. Nilikuwa nimemfundisha mtu wa huku kutembea kwenye saruji iliyonyooka mpaka kwenye mfereji! Wanawake waliobeba kuni walinipita wakinisalimu, hawahemi, na mimi siwezi hata kuitikia.

Nilimkuta kitandani. Nikiri kwanza lililo haki yao: alikuwa safi kuliko mgonjwa yeyote wa wodi yetu. Mgongo wake haukuwa na hata doa. Alikuwa amepakwa mafuta, amesukwa, ameongezeka uso. Nilipofunua shuka nikaona mapaja, na mapaja yalikuwa yamekwisha.

"Mwanangu umekuja!" akalia kwa furaha. "Kuja hapa. Keti. Ona nilivyotunzwa."

Chumbani walikuwemo wanawake watano wa zamu ya siku hiyo na zamu ya jana ambayo haikutaka kuondoka. Waliniangalia wakingoja sifa. Wakati ule muuguzi hakuwa na desturi ya kuomba radhi mbele ya watu wa mgonjwa. Sare ile ilitufanya tuonekane hatukosei. Nilivua kofia. Nikawaambia nilikosea, neno nililowapa halikuwa sahihi, na wao hawana kosa lolote. Ilichukua muda kwa mkaza mwana kulitafsiri, kwa sababu alidhani hakusikia vizuri.

Saa zote zilizobaki siku ile tulifanya mazoezi. Kunja, nyosha. Jioni alisimama. Nilimshika, akapiga hatua nne mpaka mlangoni na nne kurudi, na uzito wake wote ulikuwa juu yangu. Miguu ilikuwa dhaifu, lakini niliipima kwa mikono yangu, na nguvu ya kutosha ilikuwamo. Nikiondoa mkono, hata kidole kimoja, aliketi pale pale. Hakuanguka. Aliketi tu, akacheka, akaninyooshea mkono nimshike tena. Nilielewa ugonjwa uko wapi. Haukuwa mguuni.

Usiku nililala mkekani kati ya mkaza mwana na jirani mmoja aliyekoroma, na nilipata usingizi ambao sikuupata Voi mwaka mzima. Niliamka nikiwa najua ninachopaswa kufanya, na sikutaka kukifanya.

Asubuhi niliwaambia wote watoke. Nilimsimamisha mara mbili, nikahakikisha anaweza. Nikaweka gongo moja mkononi mwake, kigoda hapa, kigoda pale, vitu vya kushika mpaka mlangoni. Chai na viazi vitamu nikaviweka nje juu ya benchi, na nikamwambia viko huko. Kisha na mimi nikatoka.

Ugomvi ulitokea nje. Mgonjwa haachwi, walisema. Huku kwao mtu akiachwa ndani peke yake ni kwamba hana watu, au watu wake ni wabaya. Mkaza mwana alianza kulia. "Watasema ni mimi. Watasema nilimchoka mama wa mume wangu."

"Waambie ni sista. Semeni sista kawakataza."

Tulikaa nyuma ya nyumba, kwenye ukingo wa shamba, mahali asipotuona. Hakupita muda akaanza kuita. Alimwita mkaza mwanawe kwanza. Nikamshika yule dada mkono, maana alikwisha inuka. Akawaita jirani, mmoja mmoja, kwa majina ya watoto wao. Kila aliyeitwa aliinama akatazama chini. Kisha akaniita mimi.

"Sista! Mwanangu! Kuja!"

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nimeshika watu wakati wa kukata roho, nimefunga vidonda ambavyo sitavieleza, na nimewafundisha wauguzi wadogo kwamba sehemu kubwa ya kazi yetu kwa mgonjwa anayepona ni kumfanya asituhitaji. Sijafanya jambo gumu kama kukaa kwenye ule ukingo. Duniani kote hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiniita hivyo. Barua za nyumbani zilikuwa zimepungua, chumba changu kilikuwa kikiningoja na upepo wake, na huyu mtu mmoja alikuwa akiniita mwanangu, na mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu miwili isinisaliti.

Aliita mpaka sauti ikakauka. Kisha akatukana. Alitukana kwa Kidawida, lugha yao, kwa hiyo sikuelewa, lakini wanawake walijiziba vinywa kwa kanga, wengine wakicheka huku machozi yanawatoka. Niliuliza anasema nini. Hakuna aliyekubali kunitafsiria. Akutukanaye hakuchagulii tusi, nami niliyapokea yote bila kuyajua.

Halafu kimya. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko matusi. Mkaza mwana alinitazama, na macho yake yalisema akifa umemuua wewe. Nilijua hivyo pia. Nilianza kuhesabu moyoni, nikajiambia nikifika mia nitaingia, nikafika mia nikaanza tena.

Ndipo tukasikia gongo likigonga sakafu ya udongo. Likanyamaza. Likagonga. Kitu kikaanguka, kigoda nadhani. Likagonga tena, karibu zaidi.

Tulizunguka nyumba polepole. Alikuwa mlangoni. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimemwangukia shingoni, jasho likimchuruzika, na miguu ikimtetemeka kiasi kwamba kanga yake ilitikisika. Mkono mmoja gongoni, mwingine kwenye fremu ya mlango. Wanawake walipiga vigelegele. Jirani mmoja akakimbia kumshika, naye akamwinulia gongo kama anayefukuza mbuzi, na kwa kuliinua lile gongo akawa amesimama kwa miguu miwili.

Hakucheka. Aliwatazama wote, akanifikia mimi, na jicho lake lilikuwa jicho nisilolijua. Zile salamu za kila asubuhi hazikuwamo.

"Nenda kwenu," akasema kwa Kiswahili, ili nielewe.

"Bibi, ilibidi..."

"Nimekuita. Umenisikia nikikuita. Nenda kwenu, na usirudi hapa."

Nilichukua mkoba wangu. Nilimweleza mkaza mwana harakaharaka: kila siku hivi, mbali kidogo kila siku, kwanza mlangoni, kisha kwa ng'ombe, na mteremko aushuke kwa ubavu, mguu mzima ukiwa juu. Alikuwa akiitikia bila kunitazama. Hakuna aliyenisindikiza.

Nilishuka ile njia nikishikilia majani. Nilikuwa nikilia, na sikuona haya kulia, na katikati ya kulia nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumweleza. Kabla ya kona niligeuka. Wanawake walikuwa wamesimama mbali naye, wanaogopa kumgusa. Na yeye alikuwa bado wima pale mlangoni, bila mtu ubavuni, akihakikisha kwamba nimeondoka kweli.